Uzoefu wangu na mysql ya dirisha jeusi: ilirudia amri, mimi sikuona

Natunza kanzidata ya stoo ya vifaa vya ujenzi hapa Ngamiani, Tanga. Sava iko Dar es Salaam, naingia kwa laptop iliyounganishwa na simu, kwa hiyo mtandao kukatika si habari. Natumia mysql, ile programu ya kuzungumza na kanzidata kwa kuandika amri kwenye dirisha jeusi, huu mwaka wa tatu. Ni nyepesi, haili bando, na laptop yangu chakavu inaimudu. Nina nongwa nayo moja tu.

Juzi nilikuwa naingiza mzigo wa stoo namba 3. Nikaandika SET @stoo = 3, yaani kigeu cha kunishikia namba, ili nisiitaje namba hiyo kila mara. Mara mzee mwenye duka akaniita tukahesabu mabati, tukakawia huko. Niliporudi nikabandika INSERT yangu (amri ya kuingiza data) ya mistari 41, nikaona imekubali, nikafunga. Jioni ripoti ikatoka na mistari 41 isiyo na stoo. Mzee akaniangalia: "Sasa kijana, haya mabati yamelala wapi, baharini?"

Kilichotokea ni hiki. Ukikaa kimya sana sava inakukata. Isipoguswa mipangilio huvumilia sekunde 28800, yaani saa 8. Yetu tuliishusha hadi 300, kosa letu wenyewe. Sasa mysql ikituma amri ikakuta njia imekatika, hujiunganisha upya mara moja na kuituma tena bila kukuuliza. Ila kikao ni kipya: @stoo imekuwa NULL, yaani tupu, na majedwali ya muda yamefutika. Muamala uliouacha wazi, yaani kundi la amri ambalo hujalithibitisha, nao umeshatenguliwa, na amri inayofuata inahifadhiwa papo hapo. Hilo ndilo linalonitisha zaidi. Unajiona bado una ROLLBACK, amri ya kutengua, mkononi, kumbe huna kitu.

Haikunificha, nisiisingizie. Nilipopandisha dirisha juu niliyakuta yote: kosa 2006 (sava haipatikani), taarifa kwamba inajaribu kuunganisha, namba mpya ya muunganisho, jina la kanzidata. Lakini mstari wa mwisho, ambapo jicho hutua, ulikuwa uleule wa kila siku: sawa, mistari 41. Hapo ndipo ningetaka iniambie kwamba amri hii imetumwa mara ya pili, kwenye kikao kipya, na vigeu vyangu havipo. Kuyaandika hayo juu, halafu chini ikacheka kama hakuna kitu, ni sawa na kutoniambia.

psql, programu kama hii ya kanzidata nyingine iitwayo PostgreSQL, njia ikikatika nayo hujiunganisha upya, ila amri iliyokwama haiirudii; unairudia mwenyewe. Inachosha, lakini unajua ulichofanya.

Nimeweka skip-reconnect (usijiunganishe upya) kwenye faili la mipangilio la .my.cnf, sehemu ya mysql. Sasa njia ikikatika napata kosa tupu, naandika connect, naanza upya na SET yangu. Halafu kwenye prompt, yale maandishi yanayotangulia amri, nimeweka \C, inayoonyesha namba ya muunganisho mwanzoni mwa kila mstari. Ikibadilika naiona kabla sijabonyeza Enter kwa amri inayofuata. Siku za kusoma ripoti tu naifungua kwa --reconnect, maana SELECT ya kawaida, amri ya kusoma tu, hata ikirudiwa haimdhuru mtu.