Ruta ya pili kwa ajili ya TV boksi: ipi ununue, ipi uiache dukani

TV boksi liko sebuleni, ruta iko chumba cha mwisho, katikati kuna kuta mbili za tofali, na kila muvi ikifika pale patamu kamduara kanaanza kuzunguka. Hapo ndo mtu anakimbilia dukani kununua ruta kubwa yenye antena nane kama buibui. Subiri kwanza.

Shika simu, simama pale pale TV ilipo, ingia fast.com, tovuti ya kupima spidi ya intaneti, uone unapata Mbps (megabiti kwa sekunde) ngapi. Kisha nenda karibu na ruta upime tena. Netflix wenyewe wanasema 5 Mbps inatosha kwa picha ya 1080p na 15 Mbps kwa 4K, yani sio mzigo mkubwa hivyo. Ukikuta hata pembeni ya ruta unapata 4, basi tatizo ni laini yako ya intaneti, na ruta ya pili haitakusaidia kitu, utakuwa umegawa umaskini tu. Ila kama kwa ruta unapata 40 na kwa TV unapata 3, endelea kusoma.

Chaguo la kwanza kwangu, na sibishani na mtu: waya. Kebo ya mtandao ya Cat5e au Cat6 kutoka ruta kubwa, yani ile uliyonayo ya intaneti, mpaka sebuleni, inaenda hadi mita 100 bila shida, na mwisho wake unaweka ruta yoyote ya bei ya chini yenye waifai ya 5 GHz, ile bendi yenye spidi zaidi. Boksi unalichomeka kwa waya kwenye hiyo ruta ya pili, simu na laptopu zinatumia waifai yake. Kwenye kebo angalia kitu kimoja, iandikwe ni shaba tupu, maana zipo nyingi za alumini iliyopakwa shaba zimeandikwa CCA, zinakatika ovyo ukizikunja konani. Na usiumie kichwa kuona tundu la waya la boksi ni la 100 Mbps tu, kwa sinema hiyo ni nyingi sana. Kabla hujanunua kebo angalia kwanza kama boksi lina hilo tundu. Fire TV Stick haina, unanunua adapta, Apple TV 4K ya 2022 ya 64 GB pia haina, ya 128 GB ndo inayo, na Google TV Streamer ya 2024 inalo.

Sasa hapa kwenye kuseti ndo watu wengi tunaharibu. Mimi mara ya kwanza nilichomeka waya kwenye lile tundu la WAN la ruta ya pili, lile la kuingizia intaneti lenye rangi tofauti, nikaona taa zimewaka nikafurahi. Muvi zinacheza vizuri tu, lakini kila nikitaka kurusha video kutoka kwenye simu, simu inasema haioni kifaa chochote, siku mbili nazima na kuwasha nikilaumu boksi la watu. Kumbe ruta ya pili ilikuwa imejitengenezea mtandao wake yenyewe, boksi liko ndani ya huo, simu iko kwenye mtandao wa ruta kubwa, hawajuani kabisa. Dawa yake: ingia kwenye setingi za ruta ya pili, ibadilishe iwe Access Point, yani ipitishe tu mtandao wa ruta kubwa bila kutengeneza wake. Kama haina hiyo sehemu, ipe anwani yake ambayo haijachukuliwa, mfano 192.168.1.2 kama ile kubwa ni 192.168.1.1, zima DHCP (ile kazi ya kugawia vifaa anwani, iachie ruta kubwa), halafu waya uchomeke kwenye LAN, yale matundu ya kawaida ya vifaa, sio WAN. Basi, nyumba nzima inakuwa mtandao mmoja.

Chaguo la pili ni la wale wasioweza kupitisha waya, labda nyumba ya kupanga na mwenye nyumba hataki kusikia drili. Tafuta ruta yenye modi ya Client au Bridge, yani inadaka waifai ya ruta kubwa halafu inampa boksi kwa waya mfupi. Ruta ya zamani kabatini inaweza kufanya kazi hii, nyingine mpaka uziwekee OpenWrt, programu ya bure inayochukua nafasi ya ile ya kiwandani. Unaweza kuuliza, si bado ni waifai ile ile? Ndio, lakini boksi limefichwa nyuma ya TV, nyuma ya bati lote lile, na antena yake ni ndogo, wakati ruta unaiweka juu ya kabati mahali inapoona mlango. Ila jihadhari na modi inayoitwa WISP, nayo inatenga mtandao, utarudi kwenye kile kilio changu cha hapo juu.

Tatu ni mesh, ruta mbili au tatu zinazouzwa pamoja. Nzuri kweli kama nyumba nzima inateseka, kwa TV moja ni kuchinja ng'ombe kwa ajili ya supu ya mtu mmoja. Ukinunua, hakikisha kipande kitakachokaa kwa TV kina tundu la LAN, vingine havina.

Nne, zile adapta mbili zinazopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme. Hizi ni bahati, nyumba moja zinapaa nyingine zinatambaa, kwahiyo nunua pale tu wanapokubali urudishe. Chomeka moja kwa moja ukutani, ukipitishia ekstensheni spidi inakufa.

Ya mwisho ni repita ya kuchomeka ukutani. Zile za bei ya chini zina redio moja inayopokea na kurusha kwa zamu, spidi inapungua kama nusu hivi. Na watu wanaichomeka pale pale kwa TV ambapo signo imeshakufa, sasa irudie nini? Weka katikati ya njia, na iwe ya bendi mbili, 2.4 GHz na 5 GHz.

Ukimaliza kufunga chochote kati ya hivyo, ingia kwenye setingi za boksi ufute kabisa ile waifai ya zamani. Ukiiacha, siku umeme ukikatika na kurudi boksi linaweza kwenda kung'ang'ania ile ya mbali, na kamduara kanarudi.