Uzoefu wangu na misaada ya serikali kwa mtoto mwenye ulemavu Kenya: anzieni kwenye tathmini ya elimu, pesa baadaye

Watu wakijua nalea mtoto mwenye mtindio wa ubongo, swali la kwanza huwa lile lile: "Na zile elfu mbili za serikali za kila mwezi unapata?" Napata. Lakini mtu akitaka kujua serikali imenifaa wapi hasa, elfu mbili naitaja mwisho.

Mimi ni shangazi mtu. Mtoto ni wa ndugu yangu, na yu mikononi mwangu tangu hajajua kukaa. Tunaishi Likoni, Mombasa. Sasa ana miaka tisa, hatembei, maneno yake mtu wa nje hayaelewi, na akicheka jirani wa nyumba ya tatu anasikia. Naandika kwa sababu kwenye vikundi vyetu vya wazazi maswali hayaishi, na majibu mengi ni ya "nilisikia".

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba hii si huduma moja. Inua Jamii, yaani pesa za kila mwezi, iko chini ya Wizara ya Leba na Ulinzi wa Jamii. Kadi ya ulemavu, viti vya magurudumu na msaada wa karo ni Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Tathmini ya masomo na fedha zinazoenda shuleni ni Wizara ya Elimu. Halafu kuna basari za eneo bunge na za kaunti. Kila mlango una fomu zake. Ukimaliza kujieleza kwa huyu, unaanza upya kwa yule. Usikasirike, beba nakala za kutosha.

Mlango niliopenda kuliko yote ndio wasiouzungumza watu: kituo cha tathmini na nyenzo za elimu. Vituo hivi vilianza 1984 kwa msaada wa Denmark, na kazi yake ni kumpima mtoto anaweza nini kimasomo na kusema asome wapi na kwa msaada gani. Uliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako, watakuonyesha. Sisi hatukulipa kitu.

Nilidhani mwalimu wa tathmini atamkunjakunja viungo kama daktari. Wala. Aliketi mkekani na sisi akaanza kuuliza mambo ya nyumbani: nani humlisha, hulala upande gani, akiwa na kiu anafanyaje. Nikamwambia, mwalimu, akiwa na kiu hukodolea mtungi. "Hebu tuone," akasema. Akapanga mezani kikombe, kijiko na mpira mdogo mwekundu, vikiwa mbalimbali. "Kikombe kiko wapi?" Macho ya mtoto yakaenda kwenye kikombe, yakatulia hapo. Mwalimu akavibadilisha nafasi, akauliza kijiko. Macho yakakifuata kijiko. Akatoa picha za watu, mmoja anakula, mmoja amelala, mmoja analia. "Nani hapa ana usingizi?" Mtoto akaangalia picha ya katikati, kisha akanitazama mimi akacheka, maana yeye mwenyewe alikuwa amelala njia nzima kwenye tuktuk.

"Mama, huyu anaelewa," mwalimu akaniambia. "Kinachomsumbua ni mdomo na mikono. Tumtafutie njia ya kujibu."

Kwa hayo peke yake ningewapa nyota tano. Miaka yote nilikuwa nimeambiwa na watu wenye elimu zao, wengine wakiwa na makoti meupe, kwamba nimpe chakula na mapenzi, mengine nisitarajie.

Ripoti aliyotuandikia ilikuwa na mambo matatu. Asome katika kitengo maalum ndani ya shule ya kawaida ya kutwa, si bweni. Apate kiti kinachomshikilia kiunoni na kichwani, kwa sababu mtoto anayepigana asianguke hana nguvu ya kusoma. Na atengenezewe ubao wa picha. Ubao huo tuliutengeneza wenyewe nyumbani kwa kadibodi ya boksi la mafuta ya kupikia: picha ya maji, choo, panapouma, nataka kulala, nataka katuni, zote zimefunikwa kwa selotepu kwa ajili ya mate. Anachagua kwa macho. Picha ya katuni imeshabadilishwa mara kadhaa, hiyo ya kulala bado mpya.

Ripoti ilifungua mlango wa shule pia. Kabla yake, shule moja ya karibu ilinipokea kwa maneno matamu na jibu la "mlete mwakani". Ukifika na karatasi rasmi inayosema mtoto huyu apangiwe kitengo, mazungumzo hubadilika. Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na kifungu cha 54 kinawapa watu wenye ulemavu haki ya kufika kwenye taasisi za elimu. Sikuhitaji kuvisoma kwa sauti ofisini, lakini nilivikariri, na kuvikariri kulinisaidia kutopandisha sauti.

Wazazi wageni huniuliza, "Yuko gredi gani?" Katika mtaala huu wa umilisi, wanafunzi ambao hawawezi kufuata gredi za kawaida hupanda kwa hatua: msingi, kisha kati, kisha maandalizi ya ufundi, kisha ufundi wenyewe. Wetu bado yuko hatua ya kwanza. Mtihani wake wa muhula uliopita ulikuwa kuchagua kati ya rangi mbili na kukaa na wenzake wakati wa kula.

Hapa kwenye shule ndipo ruzuku kubwa ya serikali ilipo, na mzazi haioni kwa sababu haipiti mkononi mwake. Shule ya msingi ya umma hupangiwa shilingi 1,420 kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka, na mwenye mahitaji maalum huongezewa 2,300. Jumla 3,720. Gawanya kwa siku za mwaka, ni kama shilingi kumi kwa siku, na hapo ni iwapo zimefika zote. Kwa mtoto anayehitaji msaidizi wa kumbadilisha na kumlisha, shilingi kumi ni nini? Ndio maana vitengo vingi huwaomba wazazi wachangie mshahara wa mama msaidizi, na mzazi asiye na kitu humbakiza mtoto nyumbani huku sheria ikisema elimu ni bure. Hilo silifichi: kwa upande wa fedha za shule, nyota mbili, na nimekuwa mkarimu.

Hata hivyo hizo kidogo zifuatilieni. Hakikisha mtoto ameandikwa katika mfumo wa wizara kwamba ana mahitaji maalum, kwa sababu asipoandikwa hivyo shule haina hoja ya kumdaia hizo za nyongeza. Na kwenye mkutano wa wazazi uliza kwa adabu za kitengo zimenunua nini. Kwetu jibu lilikuwa mikeka, vifaa vya kuchezea na kurekebisha mlango wa choo upitishe kiti. Mlango wa choo! Mtu ambaye hajawahi kumbeba mtoto wa miaka minane chooni hawezi kujua nilivyofurahi.

Kiti sasa, maana hapa wazazi wengi wanaumia.

Kiti cha kwanza tulipewa na mheshimiwa mmoja kwenye hafla, kwa hotuba na picha nyingi. Kilikuwa cha mtu mzima. Mtoto akazama ndani yake, mgongo ukajikunja, kidevu kikaangukia kifuani, na akaanza kukohoa kila nikimlisha. Mtaalamu wa fiziotherapia alipomwona akaniambia nikome kumlishia humo hata mara moja, kwa sababu mtoto wa namna hii akila amejikunja chakula kinaweza kuingia njia ya hewa na kushuka mapafuni. Kiti cha magurudumu kwa mtoto huyu ni kama miwani, cha mwenzako hakikufai hata kikiwa kipya. Alimpima upana wa nyonga, urefu wa paja, kutoka goti hadi kisigino, na kimo cha bega akiwa ameketi, akaandika yote kwenye karatasi.

Vipimo hivyo nilivipeleka pamoja na ombi langu kwa Baraza la Kitaifa. Baraza hutoa vifaa vya namna nyingi, kuanzia fimbo nyeupe na magongo hadi vifaa vya kusikia, na kwa wenye ualbino mafuta ya kukinga jua. Ombi halilipiwi. Mkitaka ushauri wa kiti, hapa Mombasa kuna mafundi wa APDK, shirika la watu wenye ulemavu wa viungo lililoanza 1958, wanaojua tofauti ya kiti cha kusukumia mgonjwa na kiti cha kuketishia mtoto. Kiti kilipokuja kilikuwa na mshipi wa nyonga, vizuizi viwili vya ubavuni vya kumzuia asilale upande, na meza ya mbele. Siku ya kwanza alikaa akatazama barabara kwa muda mrefu bila kulia. Kilichobaki ni kwamba mtoto hukua na kiti hakikui. Mwaka huu nyayo zimeshapita kikanyagio, kwa hiyo ombi jipya liko njiani.

Bila kadi ya ulemavu hakuna ombi la Baraza linalosonga. Kadi huanza na tathmini ya kimatibabu kwenye hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, mbele ya jopo la wahudumu, na hospitali nyingi zina siku maalum za kazi hiyo. Hospitali moja ilituambia turudi nyumbani baada ya kukaa foleni tangu alfajiri, kwa kuwa mmoja wa jopo hakufika. Piga simu kwanza. Faida za kodi mnazosikia, ule wa kutotozwa kodi kwa mapato ya hadi shilingi 150,000 kwa mwezi, ni za mtu mwenye ulemavu aliye na kipato na aliyeomba cheti chake. Kwa mtoto wa miaka tisa kadi ni kwa ajili ya vifaa na karo. Kumbuka pia nafasi ya sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003 imechukuliwa na ya 2025, kwa hiyo mtu akikupa karatasi ya zamani ya masharti, muulize kama ni ya sheria ipi.

Haya, elfu mbili. Mpango wa pesa kwa wenye ulemavu mkubwa ulianza 2011, na kiasi ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Wengi katika Inua Jamii ni wazee wa miaka 70 na zaidi. Watu wetu ni sehemu ndogo. Masharti ni kwamba awe anahitaji kuangaliwa wakati wote, kaya iwe maskini, na kaya hiyo isiwe inapokea pesa nyingine za mpango huo huo. Kwa hiyo nyumba ambayo bibi tayari anapata za wazee, msishangae mkiambiwa hapana. Usajili hauko wazi kila siku kama duka. Hufunguliwa, chifu na mzee wa mtaa wanatangaza barazani, waandikishaji wanakuja na simu kuuliza paa ni la nini, mnapikia nini, choo kiko wapi. Jibu ukweli ulivyo. Jirani yangu aliona haya, akasema ana gesi, kumbe mtungi ulikuwa wa kuazima.

Pesa hupokewa na mlezi, kwa kitambulisho cha mlezi. Mimi si mama mzazi, lakini ndiye ninayeishi naye, na hilo chifu alilithibitisha kwa barua. Walezi wengi wetu ni mabibi, na hapa pana hatari: bibi akifariki na hakuna aliyetoa taarifa ya kubadilisha mlezi, pesa hukwama na mtoto bado anahitaji kula. Yamemkuta mama mmoja kwenye kikundi chetu. Kama mlezi ni mzee, ulizeni mapema utaratibu wa kumbadilisha.

Zinatosha? Zinanunua pampasi za saizi yake kwa sehemu ya mwezi, basi. Elfu mbili ya zamani ilikuwa inaingia sokoni na kutoka na kikapu kizito, na kiasi hakijapanda kwa miaka mingi. Lakini siwezi kuzibeza. Ni pesa ambazo sikuzikopa, na kwenye duka la dawa mwenye duka anajua nitalipa.

Basari za eneo bunge na za kaunti nazitaja tu kwa wenye watoto shule maalum za bweni au sekondari. Fomu zina tarehe ya mwisho, na kuna sehemu ya kujaza kama mwanafunzi ana ulemavu. Ambatisha nakala ya kadi hata kama hawajaiomba.

Na madalali. Kuna mtu atakuja na kusema anamjua fulani, umpe mia tano aingize jina la mtoto Inua Jamii, au elfu moja kadi itoke wiki hii. Usajili wa kadi ni bure, Inua Jamii ni bure, ombi la kiti ni bure. Anayekudai hajatumwa na ofisi yoyote.

Karatasi ninazotembea nazo kwenye mfuko wa plastiki: cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kitambulisho changu, barua ya chifu ya ulezi, kadi ya ulemavu mbele na nyuma kwenye ukurasa mmoja, ripoti ya tathmini ya elimu, karatasi ya vipimo vya kiti yenye tarehe, na picha ndogo mbili zake. Cheti cha kuzaliwa ndicho kinachowakwamisha wengi wanaolea watoto wa ndugu. Kama hakipo, kianzeni leo, kwa sababu kila ofisi niliyoitaja hapo juu itakiomba kabla ya kukwambia uketi.