Kabla ya kununua bodi ya ruta, uliza kerneli yake

Mwaka jana nilinunua sokoni Darajani, Unguja, kompyuta ndogo ya bodi moja ili niifanye ruta ya nyumbani, yaani kifaa cha kugawa mtandao. Muuzaji alinitolea kwenye mfuko wa plastiki, bila ya boksi, akaapa, "Mzigo mpya huu, bibie, umeshuka juzi." Usiku ule nilipoiwasha na kuandika uname -r, amri inayotaja toleo la kerneli (kile kiini cha mfumo wa kompyuta), jibu lilianza na 4.4, yaani tawi la kerneli ya Linux lililotoka Januari 2016 na kuachwa kutunzwa Februari 2022. Bodi ilikuwa mpya kweli; kilichomo ndani yake kilikuwa maiti. Nilipoweka kerneli ya Debian, mfumo mmoja wa Linux, iliwaka vizuri, lakini waifai ilitoweka, kwa sababu mtengenezaji aliiandikia draiva, yaani programu ya kuiendesha, kwa ajili ya 4.4 peke yake na hakuiwasilisha katika kerneli kuu, ile ya watunzaji wa Linux wenyewe.

Ndiyo maana sitazungumzia memori wala kasi, ambazo kila muuzaji anazijua kwa moyo. Ruta ndiyo inayosimama mlangoni, na kerneli isiyopata viraka vya usalama ni mlango usio na komeo. Wala usikimbilie kerneli mpya kuliko zote, kwani toleo jipya hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi, na lile la kawaida huachwa muda mfupi baada ya jengine kutoka. Ruta inahitaji tawi la matunzo ya muda mrefu, kama vile 6.6 la Oktoba 2023 au 6.12 la Novemba 2024, ambalo ndilo lililomo katika Debian 13.

Chaguo langu la kwanza ni NanoPi R4S ya FriendlyELEC, na sifichi kwamba naipendelea. Chipu yake ya RK3399 inafahamika katika kerneli kuu kwa miaka mingi, na ina poti mbili za gigabiti. Nikiipata, siku hiyohiyo hufuta mfumo wa mtengenezaji na kuweka OpenWrt, mfumo wa Linux wa ruta, ambayo toleo lake la 24.10, lililotoka Februari 2025, limejengwa juu ya 6.6. Mfumo wake wa msingi huhifadhiwa kwa namna ya kusomwa tu, kwa hiyo umeme ukikatika ghafla, jambo ambalo Unguja na Pemba halihitaji kuelezwa, kadi ya memori haiharibiki kwa urahisi.

Ya pili ni ndugu yake, R2S, yenye memori ya gigabaiti moja na poti ya pili inayopitia USB kwa ndani. Kwa nyumba ya kawaida inatosha. Ya tatu ni Raspberry Pi 4. Kerneli yake hutunzwa vyema na wenyewe, ila ina poti moja tu ya waya, na ile ya pili utaichomeka kwa USB nje, ambapo mfagio ukiigusa tu asubuhi, nyumba nzima haina mtandao.

Orange Pi R1 Plus LTS ni rahisi na inafanya kazi, lakini hizo herufi LTS, ambazo kwa Kiingereza ni kifupi cha matunzo ya muda mrefu, ni sehemu ya jina la bodi, si ahadi ya kerneli, hata muuzaji akizionyesha kwa kidole.

Kinachoniudhi zaidi ni bei. Duka moja la Mlandege lilinitajia karibu mara mbili ya bei ya mtengenezaji, na nilipouliza kerneli, kijana akaniuliza kama hicho ni chaja. Anayetoza pesa hizo angalau aiwashe bodi mbele yako, uichomeke kwa waya kwenye laptopu yako, uandike uname -r. Jibu likianza na nne, irejeshe papo hapo kabla hujalipa, kwani mimi niliirejesha siku ya pili, na muuzaji akakataa kuipokea kwa hoja kwamba bodi haina ubovu wowote, kwa kuwa taa inawaka.