Kuchorewa Ukoo Kwenye Kliniki ya Selimundu: Tathmini ya Huduma

Kwa familia yenye mtoto wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, huduma ya kuchorewa ukoo, yaani mchoro wa ndugu wote unaoonyesha nani ana ugonjwa huo, ndiyo ambayo ningeshauri isikoswe, ingawa wazazi wengi huishia kwenye kipimo cha damu, vidonge vya foliki asidi na tarehe ya kurudi. Kliniki ninayoieleza hapa, iliyo katika hospitali moja ya Dar es Salaam, imemtenga muuguzi kwa kazi hiyo. Nilihudhuria kikao chake pamoja na mdogo wangu, mke wake na mama yetu, baada ya mtoto wao kugundulika kuwa ni SS, yaani mgonjwa wa selimundu.

Muuguzi alimwamkia mama shikamoo, akamwomba awe msimuliaji mkuu, kisha akaanza kuchora kwa penseli. Mwanamume huwekwa kama mraba na mwanamke kama duara. Mgonjwa hujazwa rangi yote, anayebeba kinasaba cha ugonjwa bila kuugua hujazwa nusu, na aliyefariki hukatwa kwa mstari wa mshazari. Wanandoa huunganishwa kwa mstari mmoja, lakini wakiwa ni wa damu moja huwa miwili, jambo la kuzingatiwa sana na familia za pwani, ambako kumwoa mtoto wa ami si jambo geni. Kila alipotajiwa kaka au dada aliuliza kama ni tumbo moja na baba mmoja, na hakuandika lolote mpaka apate jibu kamili.

Uzito wa huduma hii ulionekana alipofika kwa watoto waliokufa. Mama alimtaja mwanawe wa pili, aliyefariki kabla ya kutimiza miaka miwili, na kwa miaka yote nyumbani tuliambiwa kwamba alirogwa. Muuguzi aliuliza taratibu, "Mama, viganja na nyayo zake ziliwahi kuvimba?" Mama akajibu kwamba zilivimba mara kwa mara, na macho yakawa ya njano. Muuguzi alichora mraba, akaukata kwa mshazari na kuweka alama ya kuuliza ndani yake, kwa kuwa hakuna damu iliyopimwa. Nilipenda uaminifu huo wa kutojaza rangi mahali pasipo na uthibitisho.

Kutoka hapo maelezo yakawa wazi kwa sote. Ugonjwa huu hurithiwa kwa mtoto kupokea kinasaba cha selimundu kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia, na ndiyo maana wazazi wenye afya njema wanaweza kupata mtoto mgonjwa. Tangu mwaka 1949, James Neel alipoonyesha huko Marekani kwamba wazazi wote wawili wa mgonjwa hubeba kinasaba hicho, hapajabaki hoja ya kumtupia mama lawama peke yake. Hata hivyo wifi yangu alikuwa amezibeba, na duara lake lililojazwa nusu kando ya mraba wa mume wake uliojazwa nusu vilevile lilizimaliza mbele ya mama mkwe wake.

Wazazi wawili wenye AS, yaani wanaobeba kinasaba kimoja cha selimundu, wana uwezekano wa moja kwa nne wa kupata mtoto wa SS katika kila mimba. Muuguzi alisisitiza neno "kila", kwa sababu wengi hudhani kwamba mgonjwa mmoja akishazaliwa, watatu wanaofuata wamesalimika. Kwangu mimi alifafanua hivi: ikiwa marehemu kaka yetu alikuwa na selimundu kweli, basi uwezekano wangu wa kubeba, nikiwa mzima, ni theluthi mbili wala si nusu, maana SS imekwisha kuondolewa, na kati ya nafasi tatu zilizobaki mbili ni za AS. Nilipopimwa nilikutwa AS.

Kasoro zipo, na ni za kurekebishwa haraka. Kikao kilifanyika katika chumba ambacho mlango wake haufungiki, ilhali maswali yake yanagusa mimba zilizoharibika na hata nani hasa ni baba wa mtoto. Maswali ya namna hiyo yanapaswa kuulizwa kwa mama akiwa peke yake. Pia karatasi ilibaki kwenye faili, nasi tulipata nakala baada tu ya kuiomba.

Mchoro hauchukui nafasi ya maabara, kwa sababu hauwezi kumtenganisha mzima mwenye AS na mzima mwenye AA, asiye na kinasaba hicho kabisa. Ombeni kipimo cha elektroforesisi ya himoglobini, kinachotenganisha aina za himoglobini zilizo kwenye damu, si kile kipimo rahisi kinachojibu tu kwamba selimundu ipo au haipo, kwani hicho hakimtofautishi anayebeba na mgonjwa. Katika nchi ambayo inakadiriwa kuzaa watoto takriban 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka, ningetamani kila kliniki ya wilaya iwe na mtu anayeweza kuchora ukoo, maana vifaa vyake ni karatasi, penseli na usikivu. Anayekwenda afuatane na mzee mmoja wa kila upande, aulize mapema habari za watoto waliofariki wachanga, na nakala ya mchoro aipeleke kwa ndugu walio katika umri wa kuoa na kuolewa ili wakapime kabla ya posa.