Kuwekewa mafuta au kujiwekea: tathmini ya huduma ya vituo vya mafuta vya Mombasa

Kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikiendesha gari dogo la petroli kati ya Kizingo na Bamburi, na katika muda huo wote sijawahi kushika mdomo wa pampu katika kituo chochote cha mafuta cha mji huu. Mtu huingia, huvuta kijiti kilicho kando ya kiti ili kifuniko cha tangi kifunguke, kisha kijana mwenye sare husogea dirishani na kuuliza, "Shekhe, ya ngapi?" Ukishataja kiasi, kazi imebaki kwake. Mambo hayo niliyaona ya kawaida kabisa mpaka nilipokwenda kukaa miezi mitatu kwa dada yangu Leicester, Uingereza, ambako kila mtu hujiwekea mafuta mwenyewe, na tangu niliporudi nimekuwa nikiingia katika sheli (jina ambalo wengi wetu tunaviita vituo vyote, hata kama kibao cha mbele kina jina la kampuni nyingine) kwa jicho la mkaguzi.

Nianze na lililo baya, kwa kuwa ndilo lililonifanya niandike. Jioni moja niliingia katika kituo kimoja kisiwani, ambacho sitakitaja, nyuma ya tuktuk iliyokuwa imewekewa mafuta ya shilingi 300. Niliomba ya 2,000. Mhudumu wa pili alinijia dirishani akaniuliza kuhusu oili, akasifu gari, akajitolea kunifutia kioo, nami nikamjibu kwa adabu kama tulivyolelewa. Nilipogeuka kutazama pampu, tarakimu zilikuwa tayari zinakimbia, na zilipofika 2,000 zikasimama. Ni baada ya kulipa ndipo nilipokumbuka kwamba sikuona sifuri, wala sikumwona yule wa kwanza akiurudisha mdomo wa pampu mahali pake baada ya tuktuk kuondoka. Pampu za siku hizi hujirudisha sifuri zenyewe mdomo ukishatundikwa na kuinuliwa tena. Usipotundikwa, hesabu ya mteja aliyetangulia huendelea juu ya hesabu yako. Nililipa 2,000 kwa petroli ya 1,700, yaani nilipoteza zaidi ya lita moja kwa sababu ya maneno mazuri na kitambaa kichafu cha kufutia kioo.

Hapo ndipo mtindo wa kujihudumia unapoushinda wetu waziwazi. Kule Leicester niliuinua mdomo wa pampu kwa mkono wangu mwenyewe, nikaona sifuri kwa macho yangu, nikaminya, nikaachia, nikatundika, nikaingia dukani kulipa. Hapakuwa na wa kunichangamsha wala wa kunipumbaza. Ni kweli kwamba kujihudumia hakumkingi mtu na pampu iliyopimwa vibaya, kwa kuwa pampu ya namna hiyo itampunja mteja hata akijiwekea mwenyewe, na dawa yake ni wakaguzi wa vipimo na mizani kuja na chombo chao maalumu, kupima na kutia lakiri. Lakini ule wizi mdogo wa sifuri, ambao madereva wa teksi wa hapa wanaujua kama wanavyoijua barabara ya Makupa, hauna nafasi pale ambapo mteja ndiye anayeushika mpira.

Hata hivyo sikurudi nikiwa mfuasi wa kujihudumia. Mara ya kwanza nilisimama mbele ya pampu yenye midomo miwili, wa kijani wa petroli na mweusi wa dizeli, huku upepo wa baridi ukinipenya mifupani, nikitafuta pa kuminya. Mdomo wa dizeli kwa kawaida ni mnene kuliko tundu la tangi la gari la petroli, kwa hiyo ni vigumu kukosea upande huo. Mwenye gari la dizeli ndiye aliye hatarini, kwa sababu mdomo mwembamba wa petroli mara nyingi huingia katika tangi lake bila kizuizi, na injini yake ndiyo itakayolipia kosa hilo. Dada yangu alinionyesha glovu za plastiki zilizotundikwa kando ya pampu. Sikuzivaa, na harufu ilikaa viganjani mwangu mpaka wakati wa chakula cha usiku. Niliwaza Ijumaa ya hapa kwetu, saa sita na nusu mchana, watu wakiwa wamevaa kanzu nyeupe zilizopigwa pasi wakielekea msikitini, na kina mama wenye buibui refu linaloburura chini penye madoa ya dizeli. Mtu aliyebuni pampu ya kujihudumia hakuwa na watu hao akilini.

Mtindo wenyewe ulianza kupata umaarufu Marekani baada ya kituo kimoja kufunguliwa Los Angeles mwaka 1947 kwa ahadi ya bei nafuu, na si kila mahali ulipokelewa kwa mikono miwili. Jimbo la New Jersey liliupiga marufuku mwaka 1949, na marufuku hiyo ingalipo. Oregon nalo liliupiga marufuku mwaka 1951, likalegeza kidogokidogo, na kuruhusu kujihudumia jimbo zima mwaka 2023 tu. Brazili ilipitisha sheria ya kuzikataza pampu za namna hiyo mwaka 2000. Hoja zilizotolewa zilikuwa za moto na za ajira, na hiyo ya pili haihitaji kufafanuliwa kwa mtu wa Mombasa ambaye ana mpwa, jirani au mtoto wa shangazi anayesimama kwenye pampu usiku kucha ili nyumba ipate unga.

Kuhusu moto, naona hoja ina uzito wa kiasi. Hatari mojawapo ya kujihudumia ni umeme tuli, ambao mtu huuchukua anapojisugua kitini akirudi ndani ya gari mafuta yakiwa bado yanaingia, kisha akashuka na kuugusa mdomo wa pampu. Unyevu wa hewa yetu ya pwani huupunguza sana umeme huo, tofauti na nchi za baridi kavu. Tatizo letu kubwa zaidi ni mazoea. Katika vituo vingi kuna kibao chenye picha ya simu iliyopigwa mstari mwekundu, na chini ya kibao hichohicho kuna namba ya kulipia kwa M-Pesa, na mteja husimama hatua mbili kutoka kwenye mpira akibonyeza simu. Wahudumu nao, mdomo wa pampu ukishajikata wenyewe, hupenda kuendelea kuminya ili shilingi zitimie. Kule kukatika si hitilafu: kwenye ncha ya mdomo kuna kitundu kidogo, na mafuta yanapokifikia hewa huzibwa na kifaa hujifunga. Kinachoongezwa baada ya hapo aghalabu humwagika ubavuni mwa gari, au huingia katika mabomba yaliyowekwa kwa ajili ya mvuke na kuyaharibu.

Watu huniuliza kama kujihudumia kungepunguza bei. Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA, hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi, nazo huanza kutumika tarehe 15; hapa Mombasa huwa ni nafuu kuliko Nairobi kwa kuwa mafuta hushukia kwetu, Kipevu, kabla ya kusafirishwa bara. Bei hizo ni kikomo cha juu, kwa hiyo hakuna linalomzuia mwenye kituo kuuza chini yake akitaka. Kama angeuondoa mshahara wa wahudumu na kuturudishia sisi tofauti hiyo, ingekuwa hoja nzuri. Nina shaka kubwa kwamba angeturudishia.

Na kuna wateja ambao kujihudumia kungewaacha nje. Simama Kongowea asubuhi uhesabu pikipiki: huyu anataka ya 100, yule ya 150, wa tatu ana sarafu mkononi na abiria nyuma. Mhudumu mzuri huwahudumia watano wa namna hiyo katika muda ambao mimi ningetumia kusoma maelezo ya mashine. Foleni ya vituo vyetu haitokani na kuwekewa mafuta, bali na malipo, yaani kusubiri ujumbe wa simu ufike, mhudumu ausome, akaonyeshe ofisini, kisha arudi na risiti iwapo umeiomba.

Baada ya kulinganisha yote hayo nimebaki na kituo kimoja upande wa Nyali, nacho nakipa alama nane kwa kumi. Wahudumu wake hutundika mdomo wa pampu kila mara, hunyoosha kidole na kusema "Tazama sifuri, mzee" kabla ya kuminya, na huacha mara tu unapojikata. Upepo wa magurudumu wanatia bila malipo, na wanauliza kipimo badala ya kukisia. Alama moja nimeiondoa kwa sababu ya malipo, ambayo ni ya polepole kama kwingineko. Ya pili nimeiondoa kwa sababu uso wa pampu umeelekea upande ambao dereva aliyekaa kitini hauoni, hivyo bado nashuka kila mara na kusimama kando ya gari juani, mikono nyuma, nikisimamia kazi ambayo ninalipa ifanywe na mtu mwingine.