Nimenunua gari namba 34 la Wendell Scott, na kuna namba moja imenikera

Haya jamani, habari zenu, karibuni tena mezani kwangu. Leo sina simu wala spika ya kuwaonyesha. Nina kigari. Msicheke kwanza! Kina urefu wa sentimita 22, kimenitoka shilingi 260,000 pamoja na usafirishaji, na kimekaa njiani wiki tano. Mke wangu ameuliza swali moja tu: "Kinaenda?" Hakiendi. Kazi yake ni kukaa kabatini na kutazamwa.

Ngoja nisogeze kamera. Umeona? Chevrolet Bel Air ya mwaka 1962, imepunguzwa mara 24. Namba 34 hapo ubavuni, na nyingine juu ya paa. Gari lenyewe lilikuwa la Wendell Scott, Mmarekani mweusi wa mji wa Danville, Virginia, na mfano huu umetengenezwa kwa ajili ya mbio moja tu: Jacksonville, Florida, tarehe 1 Desemba 1963. Kwa nini mbio hiyo na si nyingine kati ya 495 alizoshiriki kwenye daraja la juu la NASCAR, chama cha mbio za magari cha Marekani? Kwa sababu ndiyo pekee aliyoshinda. Na hata huo ushindi wenyewe... tutafika.

Kwanza bidhaa. Bodi ni chuma, sikiliza: ko, ko. Chini ni plastiki, ila plastiki nzito, hailalamiki ukiibonyeza. Matairi ni mpira kweli. Boneti inafunguka, na humo ndani injini ya V8, yaani ya silinda nane, wameitendea haki, mpaka waya za plagi zipo, nyembamba kama uzi wa kushonea. Nimehesabu, ziko nane. Milango haifunguki, na sijaliona kama kasoro, kwa sababu ukichungulia dirishani unaona vyuma vya kumkinga dereva vimepita palepale mlangoni. Kiti ni kimoja. Usukani mkubwa, mwembamba, kama wa basi la zamani. Hakuna cha kusaidia kukata kona hapo, ni mabega yako tu.

Kwa ambao hamkuzoea mbio hizi, niseme kidogo. Miaka hiyo Wamarekani walikuwa wanachukua gari la kawaida kabisa, la kupeleka familia kanisani, wanang'oa viti, wanaweka vyuma ndani, wanakaza springi, wanapaka namba, wanaingia nalo uwanjani. Na viwanja vingi havikuwa vile vikubwa vya lami vya kwenye televisheni. Jacksonville ilikuwa nusu maili tu, yaani kama mita 800 kuzunguka, na chini ni udongo. Unazunguka mara 200 ili utimize maili 100.

Sasa fikiria udongo huo baada ya magari 22 kuupitia mara mia. Kwenye kona unachimbika mifereji. Gari linaingia kona mkia ukiwa umetupwa nje, linaserereka, tairi la nyuma linadumbukia kwenye mfereji, linaruka, linadumbukia tena. Hapo ndipo shokapu zinakufa na ekseli zinakatika. Injini yenye nguvu peke yake haikufikishi mwisho. Unahitaji dereva anayejua lini aliachie gari na lini alibembeleze, na Scott alikuwa anajua, maana kikivunjika kitu fundi wa kukitengeneza ni yeye mwenyewe. Mafundi wake wa pembeni walikuwa watoto wake. Gari lenyewe alilinunua likiwa limeshatumika, kutoka kwa dereva mwenzake Ned Jarrett. Na mwaka huo wa 1963, kampuni ya General Motors ilikuwa imeshajitoa kwenye mbio, kwa hiyo mwenye Chevrolet hakuwa na kiwanda cha kumpigia simu. Vipuri unahangaika navyo mwenyewe.

Alijifunzia wapi kuendesha hivyo? Aliwahi kuendesha teksi, wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa jeshini upande wa magari, halafu akarudi Virginia akawa anasafirisha gongo. Ndiyo, gongo. Usiku, taa zimezimwa, polisi nyuma. Mwaka 1952 waandaaji wa mbio pale Danville walitaka dereva mweusi ili wavute watazamaji weusi, wakaenda kuwauliza polisi ni nani anayejua kuendesha kasi. Polisi wakamtaja Scott. Cheti cha udereva kizuri kuliko hicho sikijui.

Turudi mezani. Kasoro ya kwanza hii hapa: bampa ya nyuma, upande wa kulia, gundi imemwagika. Inaonekana kama ute wa yai uliokauka. Kwa bei hii, hapana. Ya pili, gurudumu la mbele kushoto linacheza. Nimemwandikia muuzaji, simtaji jina, akanijibu kwamba gari la mbio la zamani kuwa na gurudumu linalocheza "ni sehemu ya uhalisia". Bwana, ungekuwa mbele yangu!

Kasoro ya tatu ndiyo iliyonifanya niwashe kamera. Kigari kimekuja juu ya kibao cheusi chenye bati dogo la dhahabu. Nalisogeza msome. Jina la Scott, jina la mji, tarehe, neno "mshindi", halafu mizunguko: 200.

Mia mbili. Mtu amekaa ofisini, ameangalia mbio ni ya maili 100, uwanja ni nusu maili, akagawanya, akapata 200, akachonga. Hesabu yake ni sahihi, na kwa mbio nyingine yoyote ningenyamaza. Lakini siku ile Scott alizunguka mara 202, na hiyo mizunguko miwili ya ziada ndiyo habari yote.

Sikilizeni ilivyokuwa. Scott alianzia nafasi ya 15. Akapanda kidogo kidogo, na ilipobaki kama mizunguko 25 akampita dereva nyota Richard Petty, ambaye gari lake lilikuwa linasumbua, akashika uongozi. Akafikisha mzunguko wa 200. Anatazama ile bendera ya drafti, nyeusi na nyeupe, ya kumaliza mbio, haishuki. Anapita tena. Haishuki. Mara ya 202 bendera inashuka, lakini anayepigiwa ni Buck Baker, bingwa wa 1956 na 1957, mzungu, aliyekuwa mizunguko miwili nyuma. Baker anapelekwa kwenye sherehe. Anapewa kombe. Scott anaegesha gari.

Scott akadai hesabu irudiwe. Na hapa mniruhusu nikae kidogo, kwa sababu hiki kitu cha kuhesabu ndicho kinanivutia kuliko gari lenyewe. Siku hizi gari lina kidude cha elektroniki, likipita mstari kompyuta inajua. Mwaka 1963 kila gari lina mtu wake amekaa na karatasi, mbele yake kuna saa. Gari lako likipita, unaandika muda. Likipita tena, unaandika. Mara nyingi aliyekaa hapo alikuwa mke wa dereva au ndugu. Uwanja wa nusu maili unauzunguka kwa kama nusu dakika. Magari 22, kila moja linapita mara mbili kwa dakika: hayo ni mapito 44 kila dakika, ndani ya vumbi, na namba za ubavuni zimeshafunikwa na udongo. Makosa yalikuwa yanatokea, hata mabingwa yaliwapata. Kwa hiyo mtu akiniambia "walikosea tu kuhesabu", simwiti mwongo papo hapo.

Ila kumpoteza anayeongoza kwa mizunguko miwili mizima? Hapo karatasi inahitaji msaada wa mtu. Scott mwenyewe alieleza miaka ya baadaye kwamba kila mtu uwanjani alijua nani ameshinda, ila wakubwa hawakutaka aonekane akipokea tuzo na kupigwa busu na mrembo wa mashindano. Mrembo alikuwa mzungu. Florida, 1963, mwaka kabla ya sheria ya kupiga marufuku ubaguzi kwenye sehemu za umma. Mimi nikipewa nichague kati ya maelezo yake na ya vumbi, nachukua yake.

Saa kadhaa zikapita, karatasi zikapitiwa, wakakiri: Scott ndiye mshindi. Wakati huo watazamaji wameshakwenda zao. Pesa alipewa, dola 1,000. Kombe halikuwepo, limeshaondoka na Baker. Baadaye akapewa kitu cha mbao ambacho hata kuandikwa hakikuandikwa. Alifariki Desemba 1990 bila kombe halali la mbio ile. Mwaka 2015 akaingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa NASCAR, na Agosti 2021 pale Daytona ndipo NASCAR wakaikabidhi familia yake kombe. Miaka 57 na miezi. Oktoba ya mwaka huohuo dereva Bubba Wallace akashinda mbio ya Talladega, Alabama, akawa mweusi wa pili kushinda daraja hilo. Kati ya wa kwanza na wa pili, hakuna mwingine.

Sasa mnaelewa kwa nini hili bati linanikera. Ukiandika 200 umerudia palepale walipokosea siku ile.

Haya, hukumu. Umbo, 9 kati ya 10. Mstari wa paa unavyoshuka kwenda kwenye buti wameupatia kabisa. Injini, 9. Umaliziaji, 6, kwa sababu ya gundi na gurudumu. Bati, sifuri, na nimekuwa mpole. Halafu gari lenyewe limekuja safi mno, linang'aa kama gari la bwana harusi, wakati mbio ni ya udongo. Kama unakusanya magari ya mbio ya zamani, nunua, ila mwombe muuzaji picha ya bampa ya nyuma kabla hujalipa. Kama unamnunulia mtoto wa miaka mitano, usithubutu, hizo waya za plagi hazimalizi siku.

Mimi silirudishi. Gurudumu nimelipa tone la gundi jana, limetulia. Hapa nina sindano na kalamu ya rangi ya dhahabu, najaribu kuigeuza hiyo sifuri ya mwisho iwe mbili. Mkono unatetemeka kidogo... subirini... haya. Siyo nzuri sana, lakini inasomeka: 202. Bado kulichafua gari, na vumbi la kulipaka nimeshachota nje, liko kwenye hiki kikombe cha chai ambacho mke wangu hajajua kama nimekichukua.