Kibanda umiza cha Makongo kinachoonyesha gofu

Jamani kama unapenda gofu na kwako hakuna kingamuzi chenye chaneli za michezo, njoo hiki kibanda umiza cha huku Makongo, Dar, si mbali na uwanja wa gofu wa Lugalo. Kiingilio buku, mabenchi ya mbao, feni mbili. Mwenyewe zamani alikuwa kedi, yaani mbeba fimbo wa wachezaji gofu, ndo maana anakubali kufungulia gofu, kwingine ukiomba wanakwambia subiri marudio ya mpira kwanza.

Mi nilienda ile siku ya mwisho ya Masters, moja ya mashindano manne makubwa ya gofu, kule Marekani, Jumapili 13 Aprili 2025, na kwa saa zetu Rory McIlroy, yule mchezaji wa Ireland ya Kaskazini, anamaliza ilishapita saa nane usiku. Masika ile, mvua inapiga bati mpaka mtangazaji hasikiki, na hapo ndo nilipopapenda maana makedi waliokaa mbele wakawa wanatuelezea wenyewe, fimbo gani kashika, mpira utaangukia wapi, na shimo la 13 alipoutia majini akapoteza mapigo mawili mmoja akashika kichwa akasema yale ya 2011 hayo, mwaka ule kwenye Masters hiyohiyo alianza Jumapili anaongoza kwa mapigo manne, akaharibu akapiga mapigo 80 siku hiyo na ushindi ukamponyoka.

Kedi mmoja mtu mzima ndo kanifanya niweke simu chini. Anasema baba yake Rory, Gerry, asubuhi alikuwa anasafisha vyoo klabu ya michezo, mchana na jioni anahudumia baa, mama yake Rosie zamu ya usiku kiwandani, yote hayo kwa ajili ya mtoto wao mmoja tu acheze gofu. Mama yangu naye kafanya zamu za usiku miaka mingi, nilishindwa kuongea. Na ndoa ya Rory yenyewe ilitikisika, Mei 2024 alifungua kesi ya talaka, Juni akaifuta wakarudiana na mkewe Erica.

Sasa lawama yangu. Rory na mpinzani wake Justin Rose wamefungana, wanarudi shimo la 18 kuamua mshindi, luku ikaisha! Giza totoro. Mtu akanunua umeme kwa simu tukaingiza namba kwa tochi, kuja kuwaka mpira wa Rory ushalala karibu na shimo, yaani lile pigo lenyewe sikuliona na bado linaniuma. Ila tuliwahi kumuona anaumalizia, anapiga magoti analia, mtu wa sita tu kushinda mashindano yote manne makubwa na alikaa karibu miaka 11 bila kushinda hata moja kati ya hayo, halafu anamkumbatia Erica na kabinti kao Poppy. Kibanda kizima kilisimama, yule kedi mtu mzima alikuwa anajifuta macho na kofia.

Bosi alituomba radhi akaturudishia buku zetu, mi sikuipokea. Bosi nakuomba ile luku ijaze mapema na chooni weka taa. Ukija wahi, kaa benchi la mbele upande wa makedi.